Nitumie kitabu gani? Mwongozo kwa mwalimu anayefundisha wageni Kiswahili Lamu

Msimu wa wageni ukianza, swali hili nalipokea karibu kila wiki. Kijana amemaliza shule, Kiswahili chake safi, mgeni amemkuta barazani akamwomba amfundishe. Bei wamepatana, somo la kwanza kesho asubuhi. Usiku huo ndipo ninapobishiwa hodi: "Mwalimu, nitumie kitabu gani?" Mwengine hataki hata ushauri, anataka kuazima changu. Mwengine anapiga simu kutoka Malindi: ana Waitaliano wanne, na kitabu alichonacho kimeelezwa kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho.

Hakuna kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu aliyepanga chumba Langoni na kununua samaki gatini. Utachukua kilichopo, ukikate, ukishone upya. Ila jua kipi kinakatika na kipi hakikatiki. Mazungumzo ya kitabu unaweza kuyaandika upya kwa usiku mmoja. Mpangilio wa sarufi na mazoezi yake huwezi, hiyo ni kazi ya miaka. Kwa hiyo kitabu kipime kwa mpangilio na mazoezi. Mazungumzo mabaya yasikukimbize, na picha za rangi zisikupumbaze.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Vitabu viwili au vitatu vya kupima. Azima kwanza, kununua baadaye.
- Daftari moja kwa kila mwanafunzi, na penseli. Kalamu ya wino usiitumie kwenye kitabu, utabadilisha mawazo mara tatu.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi sauti.
- Kalenda iliyoonyesha Ramadhani, Maulidi na sikukuu. Utaona kazi yake hatua ya 6.

Hatua ya 1: Mhoji mwanafunzi, kitabu kikiwa kimefungwa

Muulize anakaa siku ngapi, anataka Kiswahili cha kazi gani, anaishi na nani, na lugha ya kwao ni ipi. Daktari wa kujitolea na mwanamke aliyeolewa Shela hawasomi somo moja, hata wakianza siku moja.

Swali la lugha ya kwao walimu wengi hulipuuza, nalo ndilo linaloamua mengi. Mtaliano akiona "ch" husoma "k", kwa kuwa ndivyo kwao inavyosomwa. Basi "chakula" kwake ni "kakula", na "habari" ni "abari" maana herufi h kwao haina sauti. Mjerumani akiona "j" husoma "y", akiona "z" husoma "ts", na "v" mara nyingi humtoka "f". Nilikuwa na Mjerumani mmoja aliyesema "yana" badala ya "jana" sokoni, na mzee mmoja akanyanyua kichwa kumwuliza ni nani aliyemfundisha Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kizuri hivyo. Mwanafunzi alifurahi sana. Sikumwambia ukweli mpaka wiki ya pili.

Kitabu chenye ukurasa wa matamshi kwa lugha ya mwanafunzi wako kina alama ya ziada. Kama hakina, andika nusu ukurasa wako mwenyewe: herufi tano zinazomkwaza, maneno matatu kwa kila herufi. Inatosha.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa

Kitabu cha masomo 30, kila somo saa 2, kinataka saa 60. Mwanafunzi wa wiki 3, siku 5 kwa wiki, saa moja na nusu kwa siku, ana saa 22 na nusu. Usimdanganye wala usijidanganye: mtamaliza kama theluthi moja ya kitabu. Mwambie hivyo siku ya kwanza.

Wageni kutoka Ulaya watakuuliza kama watafika "A1" au "A2". Hizo ni ngazi za kupimia lugha zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ziko sita, kuanzia A1 hadi C2. Jalada la kitabu likitaja ngazi, lichukue kama ahadi ya muuzaji mpaka uyaone mazoezi ya ndani.

Hatua ya 3: Kipime kitabu kwa nusu saa

Hapa usiwe na haraka, na usianzie mwanzo. Somo la kwanza la kila kitabu ni zuri. Mwandishi alikuwa bado ana nguvu.

a) Fungua katikati. Soma somo zima kama mwanafunzi. Je, maagizo ya zoezi unayaelewa bila kuyarudia? Kama wewe mzaliwa wa lugha unakwama, yeye ataachwa mbali.

b) Shika jambo moja ulifuate kitabu kizima. Mimi hufuata ukanushi. Kitabu kizuri kinaleta "siendi" mapema, masomo machache mbele kinaleta "sikwenda", kisha "sijaenda", kisha "sitakwenda", na kila kipya kikija vya zamani vinarudi kwenye mazoezi. Kitabu kibaya kinamwaga vyote kwenye jedwali moja, halafu huvioni tena mpaka mtihani wa mwisho. Mwanafunzi wa kitabu hicho atasema "mimi hapana kwenda" hadi siku anapanda ndege Manda.

c) Hesabu maneno mapya katika masomo matatu. Kwa kipindi cha saa moja na nusu, mimi nakubali maneno 15, nikizidisha sana 20. Somo lenye maneno 50 ni orodha ya kamusi iliyovikwa kichwa cha habari.

d) Tazama mazoezi. Mangapi yanamtaka mwanafunzi afungue mdomo, na mangapi ni ya kujaza pengo? Majibu yapo nyuma?

e) Sauti. Vitabu vya zamani vilikuja na kaseti, na kaseti zimeshapotea. Kama sauti haipatikani, si mwisho wa dunia, utarekodi mwenyewe. Lakini usikilipie kitabu bei ya kitabu chenye sauti.

Onyo: usichukue kitabu cha shule cha Gredi ya 1 au ya 2 kwa kuwa ni rahisi na kiko dukani. Vitabu vya shule vinaidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya kwa ajili ya mtaala wa watoto, na mtoto wa Lamu anaingia darasani akiwa anazungumza. Anafundishwa kusoma na kuandika lugha aliyonayo. Mgeni wako anajua kusoma vizuri sana, asichokuwa nacho ni lugha. Zaidi ya hayo, mtu wa miaka 50 ukimpa hadithi ya sungura na fisi kwa wiki tatu atakuona humheshimu.

Hatua ya 4: Jua kitabu kinaziitaje ngeli

Hili linawaangusha walimu wazuri kabisa. Sisi tuliosoma Kenya tunazijua ngeli kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI. Vitabu vingi vya wageni huzitaja kwa kiambishi cha nomino, au kwa namba. Mwanafunzi anakuuliza "ngeli ya 5" na wewe unamtazama tu. Nakili hii nyuma ya daftari (namba, kiambishi cha nomino, kisha upatanisho):

- 1/2 = M-WA = A-WA (mtu, watu)
- 3/4 = M-MI = U-I (mti, miti)
- 5/6 = JI-MA = LI-YA (jicho, macho)
- 7/8 = KI-VI = KI-VI (kiti, viti)
- 9/10 = N = I-ZI (nyumba, nyumba)
- 11/10 = U = U-ZI (ukuta, kuta)

Namba 15 ni KU ya vitenzi (kusoma), na 16 hadi 18 ni PA, KU na MU za mahali. Chagua mfumo wa kitabu chake, uushikilie. Ukichanganya miwili ndani ya kipindi kimoja, kipindi kimeharibika.

Hatua ya 5: Angalia kitabu ni cha wapi na cha lini

Kitabu kilichoandikiwa Tanzania kitakuwa na daladala na bajaji, na bei zake zitakuwa za shilingi ya huko. Mwanafunzi akizileta bei hizo kwenye duka la Mkomani ataonekana tajiri wa kutupwa. Kitabu cha kabla ya mwaka 2007 hakina M-Pesa, kwa hiyo hakina "nikutumie kwa namba gani?" wala "imeingia?", maneno ambayo atayatumia kila siku. Hayo si makosa ya kukikataa kitabu. Yaandike tu pembeni kwa penseli.

Hatua ya 6: Panga masomo upya, lakini kidogo

Ninayoyahamisha kuja mbele ni matatu tu: salamu, namba na fedha, na saa.

Salamu kwa sababu vitabu vingine bado vinaanza na "Jambo!", ambayo watoto wa gatini humsalimia nayo mtu wasiyemjua ni nani. Aanze na hujambo na sijambo, u hali gani, shikamoo na marahaba, na jibu la salaam aleikum. Na "bwana" ambayo kitabu humpa kila mwanamume haitoshi. Mfundishe lini aseme mzee, ami, mama, dada.

Saa kwa sababu haingoji. Kwenye kitabu nilichotumia zamani saa zilikuwa somo la 14. Mwanafunzi wangu aliambiwa chombo kinaondoka saa mbili. Alifika gatini saa nane mchana, begi mgongoni na kofia kichwani, chombo kimeshakwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, na kurudi. Tangu hapo saa nafundisha siku ya pili, na namzoesha kurudia swali: "Saa mbili ya asubuhi?" Akijibiwa "saa mbili mchana", ajue anayemjibu amempigia saa za Kizungu.

Mengine yaache kwenye foleni ya mwandishi. Ukihamisha somo la sarufi kwenda mbele, mazoezi yake yatakuja na maneno na viambishi ambavyo mwanafunzi hajavisoma.

Kalenda nayo: kama wiki yenu ya pili ni Ramadhani, somo la "mkahawani" lisogeze, maana mchana hakuna pa kulifanyia mazoezi. Na lile zungumzo la "naomba bia moja baridi" litoe kabisa. Mwanafunzi wangu alilijaribu kwenye hoteli ya chai na mahamri, na mimi ndiye niliyekwenda kuomba radhi.

Hatua ya 7: Andika mazungumzo upya

Chukua mfano wa zungumzo la kawaida la vitabu:

— Samahani, bwana. Kituo cha basi kiko wapi?
— Nenda moja kwa moja, pinda kulia kwenye taa za barabarani. Kiko mbele ya benki.
— Ahsante. Basi la kwanza linaondoka saa ngapi?
— Linaondoka saa nne.

Ndani ya mji wa Lamu hakuna basi wala taa za barabarani. Kuna vichochoro na punda. Basi mwalimu asiye na uzoefu anafuta "basi" anaweka "boti", anaona kazi imekwisha. Hapo ndipo anapoharibu. Somo hili lilikuwa la upatanisho wa KI-VI na LI-YA: kituo kiko, basi linaondoka. Boti ni ya I-ZI: boti inaondoka. Umebadilisha neno moja ukaondoa somo lenyewe, na zoezi lililo chini ya ukurasa sasa linauliza kitu ambacho mwanafunzi hajakisikia.

Kwa hiyo fuata mpango huu. Kwanza pigia mstari sarufi inayofundishwa. Pili tafuta neno la hapa lililo katika ngeli ile ile. Tatu badilisha mahali, watu na bei. Nne soma kwa sauti, kisha mpe mtu wa nyumbani asome. Akicheka, uliza kwa nini.

Mimi niliandika hivi:

— Samahani, mzee. Chombo cha Mokowe kiko wapi?
— Shuka na kichochoro hiki mpaka pwani, upinde kulia. Kiko gatini, nyuma ya jahazi lile kubwa.
— Lile linalopakia mchanga?
— Ndilo.
— Ahsante. Na chombo kinaondoka saa ngapi?
— Kikijaa.

Chombo kimechukua nafasi ya kituo, jahazi limechukua nafasi ya basi, ngeli zimebaki pale pale. "Kikijaa" si ya kiwango hiki, najua. Kiambishi -ki- cha masharti kwenye kitabu kiko mbali huko mbele. Lakini ndilo jibu atakalopewa, kwa hiyo namfundisha kama neno zima, bila kulifungua. Likija somo lake atakuta tayari analo mdomoni.

Alama za njia nazo ziwe za kweli: Ngome, uwanja wa Mkunguni, hospitali ya punda, msikiti fulani. Kisha mkaifanye njia hiyo kwa miguu. Anayefundisha Malindi ana tuktuk na barabara za lami, kwa hiyo zungumzo la kitabu litamfaa zaidi kuliko mimi. Abadilishe majina tu.

Rekodi zungumzo lako kwa sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, mkisema kwa mwendo wenu wa kawaida. Omba ruhusa kwa kila unayemrekodi.

Hatua ya 8: Kipe Kiamu ukurasa wake

Mwaka 1928, kwenye mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikakisanifisha. Matokeo yake mwanafunzi anasoma "njoo" asubuhi, na adhuhuri mwenye nyumba anamwita "ndoo!" Anafungua kamusi, anaona ni chombo cha kuchotea maji. Mwanafunzi wangu mmoja aliichukua ndoo akaipeleka.

Usiyapige marufuku maneno ya nyumbani, na usiyachanganye na somo. Tenga ukurasa wa mwisho wa daftari, safu mbili, cha kitabu na cha hapa: njoo ni ndoo, njia ni ndia, macho ni mato, mchanga ni mtanga, maji ni mai, juu ni yuu, moja ni moya, vitu ni zitu, mji ni mui. Baada ya maneno kumi hivi mwanafunzi mwenyewe ataona mtindo: nj inakuwa nd, ch inakuwa t, j inalegea au inapotea. Mtu wa wiki tatu namtaka ayaelewe tu akiyasikia. Aliyeolewa hapa au anayekaa mwaka ayaseme.

Kuna jambo moja zaidi ambalo maandishi ya kawaida hayalionyeshi kabisa, nalo ni pumzi. Paa la nyumba na paa wa mwituni kwetu hayatamkwi sawa, wala kaa la moto na kaa wa baharini. Yule mnyama hutoka na pumzi. Weka alama ndogo ya penseli juu ya herufi, mfanye mazoezi dakika tano, muendelee.

Hatua ya 9: Fundisha, kisha andika pembeni siku hiyo hiyo

Muda uliotumika, zoezi lililokufa, swali aliloliuliza. Mstari mmoja kwa somo. Mwanafunzi wa tatu kukitumia kitabu hicho ndiye atakayefaidi.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kutoa fotokopi ya kitabu kizima. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mwambie mwanafunzi anunue nakala yake, wewe toa kopi za karatasi zako mwenyewe.

Kutumia vitabu vitatu kwa pamoja. Kimoja kiwe cha kuongoza, cha pili cha kuibia mazoezi, basi.

Kurekebisha kila kitu. Wiki ya kwanza usiku hulali, wiki ya pili umechoka, wiki ya tatu unasoma moja kwa moja kutoka kitabuni. Rekebisha zungumzo moja kwa somo.

Mambo yakikwama

*Mazoezi anapata yote, mtaani ni bubu.* Mazoezi yenu ni ya kuandika tu. Kila somo limalizikie nje: swali moja, aulize watu watatu, arudi na majibu matatu. "Papa ni bei gani leo?" inatosha.

*Watu wanamjibu kwa Kiingereza.* Mpe sentensi ya kujihami: "Najifunza, tafadhali sema Kiswahili polepole." Na umtume kwa mama wauza viazi vya karai, si kwa vijana wa gatini ambao Kiingereza ndiyo kazi yao.

*Wanafunzi wawili, viwango viwili.* Zungumzo moja, kazi mbili. Wa chini anaigiza, wa juu analigeuza liwe la jana, au la ukanushi.

*Amekuja na kitabu chake, nacho kibaya.* Usikicheke, amekilipia. Kifanye cha kazi ya nyumbani.

*Kitabu hakina majibu.* Yaandike wewe, halafu mwalimu mwenzako ayapitie. Kwenye ngeli usikisie.

*Anauliza "kwa nini" na huna jibu.* Hili ni la sisi wenye lugha, tunasema sawa bila kujua sababu. Niliwahi kuulizwa: kama rafiki ni mtu, na tunasema "rafiki mzuri" na "rafiki amefika", mbona si "rafiki wangu"? Nikafungua mdomo, nikafunga. Usibuni kanuni. Sema "nitakujibu kesho", uandike swali, ukatafute. Jibu ni kwamba nomino za jamaa na uhusiano zisizo na m-wa, kama rafiki, mama, baba na dada, hufuata A-WA kwenye kitenzi na kwenye sifa, lakini kwenye umiliki hubaki na I-ZI: rafiki yangu, rafiki zangu. Nililipata usiku. Kesho yake alinikumbusha kabla sijavua viatu.